Lango Lisilouliza Utokako

Kuna amri moja ya ruta ambayo, kama ningepewa madaraka kwa siku moja tu, ningeitoza ushuru. Ni neno moja likifuatiwa na jina la itifaki. Ukiliandika, ruta inachukua kila njia inayoijua kutoka mfumo mmoja na kuimwaga katika mfumo mwingine. Ukitaka na upande wa pili umwage huku, unaandika neno hilohilo tena, ukigeuza majina. Mistari miwili. Fundi anasubiri sekunde chache, anajaribu ping kutoka kompyuta ya huku kwenda kompyuta ya kule, inajibu, anaandika ankara.

Mistari hiyo miwili ikiachwa peke yake ni kazi mbovu, na nataka kulisema hili bila kulizungusha kwa sababu limezoeleka mno. Limezoeleka kwa wakandarasi, limezoeleka vyuoni, limezoeleka hata kwa watu ninaowaheshimu ambao ukiwauliza watakwambia, "Kwani tatizo nini? Si inafanya kazi?" Inafanya kazi. Kama isingefanya kazi ningekuwa na amani, maana kitu kisichofanya kazi hurekebishwa siku hiyohiyo. Hiki kinafanya kazi mpaka siku ambayo kinakataa, na siku hiyo fundi hayupo, namba yake haipatikani, na anayelipa ni mtu ambaye hajui ruta ni nini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua ruta na kuisemesha, nieleze kidogo. Ruta ni mashine ya njia panda. Pakiti ya data ikifika, ruta inatazama anwani ya iendako, inatafuta katika jedwali lake la njia, inaisukuma kwa ruta inayofuata. Jedwali hilo halishuki kutoka mbinguni. Ruta huambizana: mimi naufikia mtandao fulani, mimi nimeupoteza mtandao fulani. Namna ya kuambizana ndiyo itifaki, na itifaki hizi hazisemi lugha moja. RIP, ambayo Charles Hedrick aliiandikia waraka rasmi mwaka 1988 ingawa ilikuwa ikitumika kabla ya hapo, huhesabu ruta za kupitia: moja, mbili, tatu, hadi 15. Ikifika 16 maana yake huko hakufikiki. RIP haina ramani. Inaamini neno la jirani. OSPF, ambayo toleo lake la pili lipo katika waraka wa John Moy wa mwaka 1998, huzifanya ruta zote za eneo moja zichore ramani ileile, halafu kila moja ikokotoe gharama ya njia kwa kuangalia kasi ya nyaya. Halafu ipo BGP, inayozungumzwa kati ya kampuni na kampuni, nchi na nchi, ambayo kila habari ya njia huibeba pamoja na orodha ya mitandao yote ambayo habari hiyo imepitia.

Ruta inayosimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule ndiyo lango. Kazi yake inaitwa kwa urahisi kutafsiri, na hapa ndipo uongo unapoanza.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna uzoefu wa kutafsiri vipimo kuliko tunavyojihesabia. Barua ya Kiingereza ikisema kikao kinaanza 8:00 asubuhi, mdomo wako unamwambia mwenzako saa mbili bila hata kufikiri. Hukosei kwa sababu kuna kanuni: saa sita tofauti, basi. Kati ya RIP na OSPF hakuna kanuni ya namna hiyo. Moja inahesabu ruta, nyingine inapima gharama ya nyaya. Hakuna hesabu duniani ya kugeuza "ruta nne" kuwa gharama ya OSPF, kwa sababu ile RIP iliyosema nne haikuwahi kujua kama waya uliopita ni wa kasi au wa kobe. Namba inayowekwa langoni ni ya kubuni. Haiepukiki kuibuni; linaloepukika ni kuibuni bila kufikiri.

Ruta za Cisco, ambazo ndizo wengi wetu tumejifunzia, zina uaminifu fulani katika jambo hili ambao mafundi wengi hawana. Ukimwaga njia za OSPF ndani ya RIP bila kutaja kipimo, ruta inazihesabu kuwa hazifikiki na haizitangazi. Mashine inakataa kukisia. Fundi anaona hakuna kitu kinachopita, anakuna kichwa, anaandika kipimo: moja. Kwa nini moja? Kwa sababu ukiandika moja kila kitu kinaonekana. Tangu dakika hiyo kila mtandao wa upande wa pili, ulio chumba cha jirani na ulio ng'ambo ya redio mbili juu ya vilima viwili, unatangazwa kuwa uko hatua moja tu kutoka langoni. Upande wa kuelekea OSPF Cisco haikatai: ina namba yake ya kawaida, 20, na kwa aina ya njia inayotolewa bila kuelezwa vingine, 20 hiyo haiongezeki kadiri habari inavyosafiri. Ukiwa karibu ni 20, ukiwa mbali ni 20.

Msomaji aliyewahi kuvuka Rusumo ataelewa ninachokitetea. Upande wa Tanzania tunaendesha kushoto; upande wa Rwanda wanaendesha kulia. Katikati kuna Mto Kagera na daraja. Malori ya mizigo ya Kigali yanavuka kila siku, na kila lori lazima lihame upande. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kupendekeza kwamba pale daraja lijengwe tu, kisha madereva wajijue. Pamechorwa, pameandikwa, pana watu. Na lori halivuki kwa sababu tu lina magurudumu. Linavuka na karatasi zinazosema limepakia nini, limetoka wapi, linakwenda wapi. Lori hilo likirudi na mzigo uleule na kudai ni mzigo mpya kutoka Rwanda, karatasi zitalisuta. Ruta nyingi ninazozikuta zikiitwa lango ni daraja tupu la usiku, halina taa wala afisa.

Miaka michache iliyopita niliitwa hospitali moja, jina naliacha. Ina jengo la zamani na jengo jipya. La zamani, lenye maabara na famasia, lilikuwa na ruta za siku nyingi zinazosema RIP. Jipya, lenye wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, lilijengwa kwa fedha za mradi na kupewa vifaa vinavyosema OSPF. Mkandarasi aliunganisha majengo kwa malango mawili, moja chini ya ngazi karibu na maabara, jingine upande wa mapokezi. Mawili kwa ajili ya usalama: moja likifa, jingine libaki. Wazo zuri. Katika kila moja aliandika ile mistari miwili na kipimo cha moja, akapiga ping, akaondoka.

Malalamiko yalikuwa ya ajabu. Siku nyingi majibu ya maabara yalionekana wodini kwenye kompyuta bila shida. Baadhi ya siku, hasa umeme ukishakatika na kurudi, hayaonekani. Maabara ina umeme, kompyuta ya maabara inawaka, famasia nao hawaioni, lakini ofisi ya pembeni ya maabara wanaiona vizuri. Mtu wa zamu alikuwa amegundua dawa: kuzima ruta ya mapokezi na kuiwasha. Wakati mwingine inasaidia, ukifika mwenye ufunguo wa chumba. Asipofika, wahudumu wanabeba majibu mkononi. Nilimkuta mkuu wa maabara, mama wa makamo, akiandika makundi ya damu katika daftari la mistari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mtandao? Kaa hapo. Usiniambie inafanya kazi. Aliyekuja kabla yako aliniambia inafanya kazi, akanionyesha kwenye simu yake, huku mimi nina mzazi anavuja damu kule wodini na daktari ananiuliza majibu yako wapi."

Sikumwambia inafanya kazi. Nilifungua malango yote mawili nikasoma majedwali yake, na kilichokuwemo ndicho kinachonifanya niandike makala hii kwa hasira badala ya kwa upole.

Waya za jengo la zamani zilizunguka kwa njia mbili. Umeme ukirudi, malango hayaamki pamoja. Lango la mapokezi likitangulia, linasikia habari za maabara kwa RIP kupitia mzunguko mrefu, ruta nne. Linalitangazia jengo jipya kwa OSPF: maabara ipatikane kwangu. Sawa mpaka hapo. Baadaye linaamka lango la chini ya ngazi, lililo jirani kabisa na maabara. Linasikia mambo mawili. Kwa RIP linasikia kwamba maabara iko hatua mbili, na ndiyo kweli. Kwa OSPF linasikia kwamba maabara iko kule mapokezi. Ruta za Cisco zinapopewa habari moja na itifaki mbili huamua kwa namba ya uaminifu: OSPF ina 110, RIP ina 120, yenye namba ndogo ndiyo inayosadikiwa. Kwa hiyo lango lililo karibu na maabara linakataa ushahidi wa jirani yake wa mlango kwa mlango na kusadiki habari ya mbali, ambayo kiini chake ni ileile RIP iliyovaa kanzu ya kuazima.

Halafu mstari wa pili unafanya kazi yake. Lango la ngazini, likiwa sasa limeipokea maabara kwa OSPF, linaimwaga njia hiyo ndani ya RIP kwa kipimo cha moja. Ruta za jengo la zamani zinasikia: maabara iko hatua moja kutoka ngazini. Zile zilizo upande wa famasia na mapokezi zinaona hii ni karibu kuliko njia ya kweli, zinaiacha ya kweli. Pakiti ya wodini inafika mapokezi, mapokezi inaisukuma kuelekea ngazini, ngazini inairudisha mapokezi kwa njia ya jengo jipya, mapokezi inaisukuma tena. Kila ikipita ruta moja inapunguziwa uhai kwa moja, na uhai wake ukiisha inatupwa. Majibu ya kundi la damu yanazunguka ngazi na mapokezi hadi yanakufa, na hakuna taa nyekundu hata moja inayowaka, kwa sababu kwa mujibu wa kila ruta njia ipo. Ukiizima ya mapokezi, uvumi unakosa mtu wa kuusimulia, ya ngazini inarudi kuamini masikio yake, mambo yanatengemaa. Mpaka umeme ukatike tena na mapokezi itangulie.

Tena ukomo wa RIP, ile 16, uliwekwa ili uvumi wa namna hii ufe. Habari isiyo na chanzo ikizungushwa inaongezeka hatua, inafika 16, inazikwa. Lakini lango la mistari miwili linairudisha kwenye moja kila inapopita. Umri wa habari unafutwa mlangoni. Ndiyo maana uvumi ule haukuwa unakufa; ulikuwa unazaliwa upya kila baada ya sekunde 30, muda wa kawaida wa RIP kurudia matangazo yake.

Nilimpigia simu mkandarasi. Alinisikiliza kwa adabu. "Lakini mkuu, mbona ping inarudi?" Alikuwa amejaribu kutoka ofisi ya pembeni ya maabara.

Sasa mtu aniambie hili ni tatizo la hospitali moja na vifaa vya kizamani. Si kweli. Kosa la kufuta asili ya habari langoni ni la zamani na limekwisha kuitikisa intaneti yenyewe. Januari 1989 Kirk Lougheed na Yakov Rekhter walichora misingi ya BGP kwenye karatasi za kupangusia mikono mezani, wakati wa mkutano wa wahandisi huko Austin, Texas. Nguvu ya mchoro ule ni orodha: kila habari ya njia ibebe majina ya mitandao yote iliyopitia, na mtandao ukiliona jina lake ndani ya orodha uikatae habari hiyo, kwa maana imetoka kwake na inamrudia. Ni kumbukumbu. Kwa kumbukumbu hiyo mitandao isiyoaminiana, isiyo na ramani moja wala mkubwa mmoja, imeweza kuambizana njia hadi leo.

Tarehe 25 Aprili 1997 ruta moja katika mtandao wenye namba 7007, huko Marekani, ilizitapika njia ilizozipokea zikiwa zimekatwakatwa vipande vidogo na zikiwa zimepoteza orodha ya asili yake. Zilitoka zikionekana zimezaliwa hapo 7007. Katika intaneti kipande kidogo humshinda mama yake, kwa sababu ruta hufuata anwani iliyo mahususi zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia ikaanza kupeleka mizigo yake 7007, ambako haikuwa na pa kwenda. Kuizima ruta hakukutosha. Habari zilikwisha kusambaa na ziliendelea kusimuliwa na waliozisikia. Mama wa maabara angeielewa hadithi hii bila mkalimani.

Mtu atasema mwaka 1997 ni zamani. Tarehe 12 Novemba 2018, Lagos, kampuni ya MainOne ilikuwa ikiboresha mipangilio yake. Njia za Google ilizopewa kwa matumizi yake zikavuja nje kupitia China Telecom, na kwa dakika 74 watu wa nchi mbalimbali waliotafuta Google walijikuta wakielekezwa kupitia China, wengine wakigonga ukuta. Wapo waliodhani ni ujasusi. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba ni kosa la usanidi. Mimi nasadiki, maana nimeona wangapi wanafungua geti na kusahau kumwambia mlinzi nani apite.

Wahandisi wa IETF walichoka. Julai 2017 walitoa waraka wenye namba 8212, wenye maneno machache kuliko makala hii: ruta ya BGP iliyokutana na jirani wa nje bila kuandikiwa sera, isipokee njia yoyote wala isitangaze yoyote. Kimya kihesabiwe kuwa ni hapana. Kabla ya hapo, kwa vifaa vingi, kimya kilikuwa ni karibu ndani. Lakini waraka huo unahusu BGP na majirani wa nje. Ndani ya taasisi zetu, kati ya RIP na OSPF, kati ya OSPF na njia zilizoandikwa kwa mkono, ile amri ya neno moja bado inamwaga kila kitu.

Lawama ya kwanza naipeleka vyuoni. Nimesimamia vijana wengi wa mafunzo kwa vitendo, na karibu wote wamejifunza jambo hili kwa zoezi moja: ruta tatu ndani ya Packet Tracer, RIP kushoto, OSPF kulia, lango katikati. Andika mistari, piga ping, ikijibu chukua alama zako. Lango moja tu, kwa hiyo kitanzi hakiwezi kutokea. Hakuna waya unaochomolewa wala lango la pili linaloongezwa. Hakuna swali linalouliza "njia hii umeijuaje?" Kijana anatoka na cheti akiamini kwamba kupita ndiko kupatia. Halafu tunamkabidhi hospitali.

Kupita si kupatia, na Afrika Mashariki tunapaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Kabla ya kituo cha KIXP kufunguliwa Nairobi mwaka 2000, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi, ikiwa kila ofisi ina mtoa huduma wake, ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi kwa setilaiti nyingine, na kila hatua ikilipiwa kwa fedha za kigeni. Ilifika. Ping ingejibu. Watoa huduma walipoamua kuunganisha nyaya zao pale pale mjini, Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya pekee inavunjwa, mdhibiti akaamuru kituo kifungwe kikiwa na wiki mbili tu, na hakikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Kwa miezi yote hiyo aliyetaka kudai kwamba mambo yanafanya kazi angeweza kuonyesha kwenye skrini yake.

Najua majibu ninayopewa, na mengine si ya kijinga. La kwanza ni kwamba vichujio vinachosha. Ukiorodhesha langoni kila mtandao unaoruhusiwa kupita, siku idara ya uhasibu ikiongezewa mtandao mpya hautapita hadi mtu auandike, na mtu huyo atapigiwa simu saa tano usiku. Ni kweli, nimepigiwa. Lakini tazama kosa hilo linamwangukia nani na lini. Linatokea dakika ileile badiliko linapofanywa, mbele ya aliyelifanya, na linasema wazi: njia haipo. Kosa la mistari miwili linakaa kimya miezi, kisha linamwangukia mhudumu wa zamu ya usiku na kumwambia njia ipo.

La pili: tumieni itifaki moja, muondokane na malango. Ningependa. Ndani ya nyumba moja yenye fedha ninalipendekeza kila mara. Lakini ruta ya mtoa huduma si yako, redio za mradi uliokwisha hazina wa kuzibadilisha, na taasisi mbili zikiunganishwa kwa barua ya wizara hazingoji bajeti ya vifaa. Daima kutakuwa na mahali ambapo mifumo miwili inakutana.

Na kuna jambo ambalo hata wanaonipinga huwa hawalisemi, nalo lingewasaidia kuliko vichujio vyangu: mara nyingi huhitaji kubadilishana njia kabisa. Jengo la zamani la hospitali ile halikuwa na sababu ya kujua mitandao yote ya jengo jipya kwa majina. Lingeambiwa neno moja: usichokijua kiko kwako, kilete langoni. Njia moja ya jumla. Jengo jipya lingeambiwa mitandao mitatu ya zamani kwa kuandikwa waziwazi, maabara, famasia, kumbukumbu, basi. Watu wanamwaga kila kitu pande zote mbili kwa sababu amri ya kumwaga ni fupi kuliko kufikiri nani anahitaji kujua nini.

Pale ambapo kubadilishana kunahitajika kweli, kazi haina siri. Taja kwa majina njia zinazovuka. Kila inayovuka ipigwe alama ya ilikotoka. OSPF ina nafasi ya alama hiyo, RIP toleo la pili inayo pia, imo kwenye waraka tangu miaka ya tisini na wengi hawajawahi kuigusa. Kila lango likatae njia yenye alama inayosema imetoka upande uleule inakotaka kurudi. Kipimo cha kubuni kiwe kikubwa kuliko umbali wowote wa kweli wa ndani, ili habari ya kuazima isimshinde mwenye nyumba. Na namba ya uaminifu irekebishwe, lango la ngazini liiamini RIP kwa mitandao ya RIP. Hospitalini ilikuwa mistari kama ishirini kwa kila lango. Niliandika pia kwa Kiswahili, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, nani anapita na kwa nini. Mama wa maabara aliisoma yote, akauliza kwa nini mtandao wa kamera upo kwenye orodha. Hakukuwa na sababu. Nikaufuta.

Lawama ya mwisho ni ya wanaolipa. Zabuni zetu zinaandika kwamba mfumo utapokelewa ukionekana unafanya kazi, na kuonekana ndiko kunakouzwa. Aliyeandika mistari miwili amemaliza saa nne asubuhi. Aliyeandika ishirini, akachora ramani ya nani anamjua nani, amemaliza kesho yake jioni, na kwenye jedwali la bei anaonekana mwizi. Ndiyo maana nimeacha kubishana kuhusu usanidi na badala yake naweka kwenye kila mkataba siku ya kuchomoa. Mteja anachagua waya wowote, anauchomoa mwenyewe, tunahesabu pamoja muda mpaka njia ile ifutike katika majedwali yote mawili. Isipofutika, sijalipwa. Kisha tunazima umeme na kuyaamsha malango kwa zamu, la mbali kwanza, halafu la karibu kwanza, na kila mara mtu anakaa wodini akiangalia skrini. Mwezi uliopita mhasibu wa taasisi moja aliniuliza hizi saa sita ni za nini, mbona hakuna kifaa kinachofungwa. Nikamwambia ni za kuchomoa. Akazikata kwa kalamu nyekundu, akanirudishia karatasi nitie saini, nami nikaiacha mezani kwake.